Tausi Akicheza: Kwa Nini Picha Nyingi Humkosa

Tausi ni miongoni mwa ndege wanaopigwa picha sana duniani, na bado picha zake nyingi zinafanana. Dume amesimama, mkia umetandazwa, shingo ya buluu iko katikati, na yale madoa yenye umbo la jicho yamejaa kila pembe. Ukizipanga mezani picha kumi za namna hiyo, huwezi kusema ipi ilipigwa Rajasthan, India, na ipi ilipigwa kwenye bustani ya hoteli Mombasa. Rangi zipo zote, lakini hatuoni ndege alikuwa akifanya nini, akimfanyia nani, wala nini kilifuata.

Kwa kawaida lawama huangukia vifaa: lenzi fupi, kamera ya zamani, simu isiyo na uwezo. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa liko kwingine. Maonyesho ya tausi yana hatua zinazofuatana, yana upande, yana kasi iliyokwisha kupimwa, na yana mtazamaji aliyekusudiwa. Mpiga picha anayeyajua hayo manne atapata picha yenye uhai hata kwa kamera ya kawaida. Asiyeyajua ataendelea kukusanya picha za rangi.

Hatua za mchezo

Kwanza tuelewane kuhusu mkia. Manyoya marefu tunayoyaita mkia wa tausi huota mgongoni, juu ya mkia wenyewe. Ni kati ya 150 na 200 hivi, na kwa dume aliyekomaa marefu zaidi hupita mita moja. Mkia halisi una manyoya 20 mafupi ya kahawia, ambayo husimama nyuma ya yale marefu na kuyashikilia yasianguke. Anayempiga tausi picha kutoka mbele tu haoni kamwe mhimili huu. Dume huchukua miaka kadhaa ndipo mkia ukamilike, na kila mwaka, msimu wa kupandana ukiisha, manyoya hayo marefu hupukutika na kuota upya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpiga picha ni la kalenda. Kaskazini mwa India msimu huo huenda pamoja na mvua za monsuni, katikati ya mwaka, na atakayefika baada ya mvua atakuta madume wasio na mikia. Kwa tausi wa kufugwa, mtunzaji wao ndiye wa kuulizwa.

Wakati wa msimu, kila dume hushikilia kiwanja chake kidogo, mara nyingi karibu na viwanja vya madume wengine, na majike hupita wakikagua. Tuliangalie tendo hili kwa karibu, maana hapa ndipo picha nyingi hupotea. Jike anaingia akidonoa chini kana kwamba hakuna mtu. Dume, ambaye mkia wake umekwisha kusimama, anampa mgongo. Mpiga picha aliyekuwa akisubiri ule upande wa rangi hushusha kamera hapo, akidhani ndege amemkosesha. Kumbe mchezo ndio unaanza. Mabawa, ambayo muda wote yalifichwa nyuma ya mkia, yananing'inia pande mbili, na manyoya yake makubwa ya rangi ya mdalasini yanatikisika upesi. Dume anarudi kinyumenyume kumwelekea jike, hatua baada ya hatua. Jike akishafika mahali panapofaa, dume anageuka kwa ghafla, mkia mzima unamwelekea, na manyoya yote yanaanza kutetemeka kwa mchakacho unaosikika kama mvua juu ya majani makavu. Akiona jike hajaondoka, hukata tetemeko, hutoa mlio wa ghafla na kumkimbilia.

Kwa hiyo tendo hili lina picha nne tofauti: mgongo na mabawa, mgeuko, tetemeko, na mbio. Vitabu na kalenda vimejaa ya tatu peke yake, tena mara nyingi bila jike. Mgeuko hupita haraka kuliko zote, na kwa mawazo yangu ndio wenye thamani kubwa zaidi: mkia uko upande, nusu yake unaona mbele na nusu unaona nyuma, na jike yuko ndani ya fremu. Anayeutaka hana budi kuanza kupiga wakati dume bado amempa jike mgongo, na kidole kisitoke kwenye kitufe.

Tausi hupanga mwanga mwenyewe

Rangi za tausi hazitokani na wino uliomo ndani ya unyoya kama zilivyo rangi za kitambaa. Mwaka 2003 kundi la wanasayansi wa China likiongozwa na Jian Zi lilieleza jinsi vijiti vidogo sana vya melanini, vyeusi kwa asili, vinavyopangwa kwa mistari ndani ya vinyoya, umbali kati yao ukiwa chini ya nanomita 200. Mpangilio huo huakisi mawimbi fulani ya mwanga na kuyaacha mengine. Umbali ukibadilika kidogo tu, buluu huwa kijani, na kijani huwa njano ya shaba.

Kwa mpiga picha, matokeo yake ni makubwa. Rangi hubadilika kulingana na pembe ambayo mwanga unaingilia na pembe ambayo kamera imesimama. Jua likiwa nyuma ya mkia, kijani hupotea na manyoya huonekana ya kahawia yenye kingo zinazong'aa. Jua la saa sita mchana huangaza ncha za juu na kuacha kifua gizani. Siku yenye mawingu hutoa rangi iliyotulia, lakini ule mmeto unaobadilika ndege akisogea hupungua. Flashi iliyofungwa juu ya kamera hutoa mng'ao wa chuma usiofanana na chochote ambacho jicho huona bustanini, na inaweza pia kumshtua ndege akaacha alichokuwa akifanya.

Basi tusimame wapi? Tausi mwenyewe amekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2009 Roslyn Dakin na Robert Montgomerie, watafiti kutoka Kanada, walichapisha utafiti wao kuhusu mwelekeo wa madume wakati wa maonyesho. Walikuta kwamba dume anapotetemesha mkia, huuelekeza takriban nyuzi 45 pembeni mwa jua, huku jike akiwa mbele yake. Na anapotikisa mabawa kwa kumpa mgongo, jike huwa upande wa kivuli. Hivyo ndege huyu anauanza mchezo jike akiwa kivulini, kisha anamgeukia kwa mwanga wa pembeni unaofufua rangi zote.

Hili linabadilisha kabisa namna ya kujipanga. Wengi humzunguka dume wakitafuta upande wenye rangi nzuri, na kwa kufanya hivyo huwafukuza majike. Njia bora ni kumwangalia jike na kujiweka karibu na mstari wake wa macho, nyuma yake au pembeni kidogo, kwa umbali usiomsumbua. Dume akigeuka, atakugeukia na wewe. Mwanga wa saa moja au saa mbili asubuhi, na ule wa saa kumi na moja jioni, ukiwa chini na wa pembeni, ndio unaofanya kazi hii vizuri zaidi, na ndio pia saa ambazo ndege wenyewe huchangamka.

Kuna funzo jingine kutoka kwa jike. Mwaka 2013 Jessica Yorzinski na wenzake waliwavalisha majike vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho. Ilionekana kwamba jike aliye karibu hukazia sehemu za chini za dume na mkia wake, wala hatazami sana ule upinde wa juu ambao sisi binadamu huanza nao. Kwa hiyo picha iliyokata ncha za juu ili kuonyesha miguu, mabawa yaliyoshuka na kingo za chini za mkia haijaharibika. Yawezekana iko karibu zaidi na kile kinachoangaliwa na mtazamaji aliyekusudiwa.

Tetemeko: kuligandisha au kuliacha liende

Hapa wapiga picha wamegawanyika, na kila upande una hoja. Wapo wanaosema picha nzuri ya mnyama ni ile iliyo kali hadi kwenye kila kinyoya. Hawa huweka shata kwenye 1/1000 ya sekunde au zaidi, huongeza ISO kadiri mwanga unavyodai, na hupata mkia uliosimama kimya. Tatizo ni kwamba picha hiyo haitofautiani na ya tausi aliyetulia. Tetemeko limegandishwa hadi limetoweka.

Sayansi inatupa njia ya pili. Mwaka 2016 Dakin na wenzake walipima tetemeko hilo kwa video ya kasi kubwa na kukuta kwamba manyoya hutikisika kwa wastani wa mara 25.6 kwa sekunde. Waligundua pia kwamba yale madoa ya macho hubaki karibu palepale wakati vinyoya vilivyolegea kati yake vinapeperuka. Sababu ni kwamba vinyoya vya doa vimeshikana kwa vikulabu vidogo mno, hivyo doa ni zito na gumu kuliko vinyoya vinavyolizunguka. Anachokiona jike ni macho yaliyotulia juu ya pazia linalometameta.

Jambo hilo linaweza kupigwa picha. Mtikiso mmoja huchukua sekunde 0.04, yaani 1/25. Ukiweka shata kati ya 1/15 na 1/25, kamera juu ya miguu mitatu, fremu moja hubeba mtikiso mzima: vinyoya hufifia kama moshi, na madoa hubaki yakiwa na umbo. Kichwa na shingo navyo vinahitaji kutulia kwa muda huo mfupi, ndiyo maana fremu nyingi zitatupwa. Lakini ile moja itakayobaki itasema kitu ambacho picha ya 1/1000 haiwezi kukisema. Mimi naegemea upande huu kwa tetemeko, na upande wa shata ya kasi kwa mgeuko na mbio.

Kulenga nako kuna mtego wake. Mkia ukitandazwa hufanya bakuli lililojikunja mbele, na kichwa husimama mbele ya bakuli hilo kwa kiasi cha kutosha kuharibu picha. Kwa kuwa mkia umejaa michoro yenye kingo kali, kamera huweza kuurukia na kukiacha kichwa kikiwa na ukungu. Dawa yake ni kulenga jicho la ndege kwa nukta moja na kutumia tundu la lenzi la f/8 hivi ikiwa unataka mkia nao usomeke. Kipimo cha mwanga pia kisiachiwe kamera: shingo ya buluu iliyokolea huifanya iongeze mwanga kupita kiasi, na tausi mweupe huifanya ipunguze hadi manyoya yaonekane ya kijivu.

Video inayodanganya bila kukusudia

Picha jongefu ingeonekana kuwa jibu rahisi, lakini hesabu inakataa. Televisheni zetu za Afrika Mashariki zimezoea fremu 25 kwa sekunde. Tausi anatikisa mara 25.6. Kila kamera inapofungua jicho, unyoya umekwisha kwenda na kurudi karibu mahali palepale, hivyo kwenye skrini tetemeko huonekana kama wimbi la uvivu, au halionekani kabisa. Simu nyingi hurekodi fremu 30, na zenyewe hutoa mtikiso wa mara nne au tano kwa sekunde ambao haupo popote katika uhalisia. Hata fremu 50 hazitoshi, kwa sababu ili kuonyesha mtikiso wowote kwa haki unahitaji zaidi ya fremu mbili kwa kila mzunguko, na picha laini hutaka nyingi zaidi. Anayetaka kulionyesha tetemeko arekodi kwa fremu 120 au 240, kama simu nyingi za sasa zinavyoweza, kisha apunguze mwendo. Na asiisahau sauti, maana mchakacho wa manyoya na mlio unaotangulia mbio ni sehemu ya tendo.

Nje ya maonyesho

Maisha ya tausi hayaishii kwenye mkia. Madume huzungukana wakipimana, kisha huruka na kupigana kwa kucha za visiginoni. Majike huongoza makinda, hukoga vumbi, hupiga kelele ya hatari chui anapopita. Jioni kundi zima hupanda mtini kulala, na hapo ndipo penye nafasi nzuri ya kumpata dume angani, kwa shata ya 1/2000, ukiwa umekwisha kuujua mti wanaoupenda.

Kuruka huku kuna ushahidi unaopaswa kujulikana na kila mhariri. Tausi angani hufunga mkia, nao humfuata nyuma ukiwa umelala. Picha zinazosambaa mitandaoni zikimwonyesha akipaa huku mkia umefunguka kama feni zimetengenezwa. Wengi pia huamini kwamba mkia humzuia kuruka, lakini Graham Askew wa Uingereza alipolinganisha mwaka 2014 ndege walewale wakiwa na mkia na baada ya kukatwa mkia, hakukuta tofauti ya maana katika uwezo wao wa kuanza kuruka. Picha halisi ya dume akijinyanyua kutoka ardhini, mabawa ya mdalasini yamefunguka na mkia umenyooka, hufundisha zaidi ya ile ya kubuni, na kwa macho yangu ni nzuri zaidi.

Wapi pa kumpata

Kwao ni Bara Hindi na Sri Lanka. India ilimfanya ndege wa taifa mwaka 1963 na kumlinda kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972. Katika mbuga kama Ranthambore na Keoladeo, zote za Rajasthan, na Yala ya Sri Lanka, anaonekana katika mazingira yake, pamoja na majike, maadui na mvua.

Kwetu Tanzania tausi amekuwa na makao ya heshima katika viwanja vya Ikulu, na mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwazawadia viongozi wastaafu tausi kutoka huko. Viwanja hivyo si mahali pa kuingia na kamera kwa hiari yako, lakini wafugaji binafsi na hoteli kadhaa za Tanzania na Kenya wanao ndege hawa. Wapo wanaoidharau picha ya ndege wa kufugwa. Sikubaliani nao. Madume wa kufugwa hucheza mchezo uleule, na utafiti mwingi nilioutaja ulifanywa kwa ndege wa mabustanini na mabandani. Sharti ni moja, maelezo ya picha yaseme wazi kwamba ndege anafugwa. Mwenye waya mbele yake aisogeze lenzi karibu kabisa na tundu la waya huo na afungue tundu la lenzi kwa upana, waya utayeyuka.

Na yupo tausi wa Afrika. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya usiojulikana kwenye kofia huko Ituri, Kongo. Miaka 23 baadaye, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa ambao unyoya ule ulilingana nao, na akamtangaza kwa ulimwengu kwa jina la *Afropavo congensis*. Ndege huyu hapatikani porini popote isipokuwa katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwemo hifadhi za Salonga na Maiko. Hana mkia mrefu. Dume ana buluu iliyokolea yenye mmeto wa kijani na zambarau, na kishungi cheupe kilichosimama. Jike ni wa kahawia mwenye mgongo wa kijani. Huishi wawili wawili, na dume humchezea jike kwa kutandaza mkia wake mfupi.

Karibu kila kanuni iliyotangulia hugeuka kwake. Msituni mwanga ni haba, hakuna uwanja wa wazi, na ndege husikika zaidi kuliko kuonekana. Kamera za kujipiga zenyewe, zinazofungwa kwenye shina la mti na kuamshwa na joto la mnyama apitaye, ndizo zinazoleta ushahidi mwingi wa porini, lakini kwa kawaida humnasa akipita tu. Picha nyingi nzuri tunazoziona zimepigwa katika bustani za wanyama, hasa Antwerp, inayosimamia ufugaji wao Ulaya.

Uadilifu wa subira

Tendo likitoweka kwa sababu ya mpiga picha, hakuna picha. Kumfukuza dume ili apae, kumshika jike na kumweka mbele yake, kucheza sauti za kurekodiwa ili aitike, kung'oa manyoya yapambe fremu: yote haya humchosha ndege katika wiki chache ambazo uzazi wake wa mwaka mzima unategemea. Wanasayansi wenyewe bado hawajakubaliana jike anachagua nini. Marion Petrie na wenzake, Whipsnade, Uingereza, mwaka 1991, walikuta madume wenye madoa mengi ya macho hupata majike zaidi. Mariko Takahashi na wenzake, Japani, mwaka 2008, hawakuukuta uhusiano huo baada ya miaka 7 ya kuhesabu. Picha zenye jike ndani, zenye saa, mahali na mfuatano wa hatua, zinaweza kulisaidia swali hilo. Picha za mkia mtupu haziwezi.

Wahariri nao wana wajibu. Waombe mfuatano wa picha badala ya moja, wakatae picha ya kutengenezwa iliyovaa sura ya ukweli, na walipie muda uliotumika kusubiri. Na fedha ya kazi ya wanyamapori ikipatikana, sehemu yake iende mashariki mwa Kongo, kwa waongozaji na walinzi wa hifadhi wanaozungumza Kiswahili na wanaozijua njia za msitu kuliko mgeni yeyote. Wakipewa kamera, mafunzo na usalama wa kufanya kazi, wao ndio wenye nafasi kubwa ya kutuonyesha jinsi tausi wa Afrika anavyocheza akiwa kwao.